Kiatu Kilichokwenda Msibani

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimekaa barazani kwangu Kinyerezi napaka viatu dawa, vile vyeusi vya safari, na harufu ya dawa ya viatu ilikuwa imenipanda mpaka utosini. Mama yangu akaniambia kutoka jikoni, bila hata kushusha sauti: "Alinda mtoroke tu. Mwambie unaenda dukani. Atalia siku mbili, atazoea."

Alinda ni mwanangu, ana miaka mitano. Ofisi yangu inasafirisha mizigo kwenda Kongo, na kwa kuwa mimi ndiye ninayeongea Kifaransa pale, wananipeleka Lubumbashi miezi mitatu. Mama nimemleta hapa kwangu tangu Baba alipotuacha, kwa hiyo mtoto atabaki naye. Ushauri wake haukunishangaza. Katika sanaa ya kumtoroka mtoto, mama yangu ni fundi, na mimi ndimi kazi ya mikono yake.

Nyie wa rika langu mnajua ninachosema. Sijui kama kuna mtu aliyekulia Dar kipindi chetu ambaye hajawahi kutorokwa. Begi linatangulia kupitia kwa jirani. Nguo ya safari inavaliwa, halafu inafunikwa kwa kanga ili ionekane ni mtu wa hapahapa. Mtoto anatumwa chumvi, na chumvi ndani imejaa tele. Anayeondoka anasema neno moja tu, "Nakuja", huku mgongo umeshageuka. Mpaka leo sijaona lugha nyingine ambayo mtu anaaga kwa kusema anakuja.

Mimi nilitorokwa kabla sijaanza darasa la kwanza. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Mabibo, mwendo mfupi kutoka soko la ndizi, na mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi moja alijifunga kanga, akaniinamia pale kizingitini, akaniambia: "Koku, nafika sokoni mara moja. Nakuja sasa hivi, nakuletea kisukari." Ndizi kisukari nilikuwa nazipenda kuliko nyama. Nikakaa kizingitini kumsubiri. Jua lilizunguka nyumba yote, likanikuta mbele, likaniacha, na Baba aliporudi kazini jioni alinikuta palepale.

Mama alikuwa amekwenda Dodoma kusoma. Miaka miwili. Hilo watu wazima wote wa nyumba ile walilijua, na hakuna aliyeniambia. Baba alisema amechelewa kwa sababu ya foleni. Mama mwenye nyumba alisema mvua. Mpangaji mmoja, kwa kutaka tu kunichangamsha, akasema ndizi zimekwisha sokoni, mama yako anasubiri gari lingine lije. Huyo ndiye niliyemwamini. Kwa akili yangu ile, mama alikuwa amesimama pale sokoni na fedha yake mkononi, akisubiri ndizi. Kwa hiyo kila lilipopita lori la ndizi kutoka bara nilikuwa natoka mbio mpaka barabarani, nikiwa na uhakika kuwa leo ameshapata. Siku ngapi nilifanya hivyo sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba siku niliyoacha kukimbia hakuna aliyeona.

Baadaye kidogo akaja mdogo wake mama, Adela, kutoka Bukoba. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na amekuja kunilea huku akitafuta kazi. Mama mdogo Adela alikuwa na kicheko kinachoanza kabla ya jambo lenyewe, na mikono yake ilinukia sabuni ya mche. Alinisuka, alinikaripia, alinifundisha kula mchuzi bila kujipaka mpaka kwenye viwiko. Ndani ya mwezi nilikuwa wake. Lakini nilikuwa nimeshashika adabu ya dunia: alipokwenda chooni nilimfuata, alipokwenda dukani nilishika pindo la gauni lake. Mtu akisema "nakuja", mimi nilikuwa nasimama.

Katika chumba cha tatu cha ua wetu alikaa Mama Bea, fundi cherehani kutoka Bukavu. Alishona vitenge kwa mitindo ya kwao, mabega yamesimama kama yanataka kuruka, na wateja wake walitoka mbali. Cherehani yake ilikaa barazani, na mimi makazi yangu yalikuwa chini ya meza yake, kwenye rundo la vipande. Kutoka chini pale nilisikia Kifaransa kabla sijajua kusoma Kiswahili, maana Mama Bea aliongea na dada zake kwa simu, na wateja wake wa Burundi na Kongo walikuja na Kifaransa chao, na mama mdogo, aliyekuwa amekisoma shuleni, alijisogeza na kigoda chake kujipima.

Kifaransa cha mama mdogo kilimchekesha Mama Bea mpaka akavua miwani. Siku moja mama mdogo alitaka kumwambia kuwa kesho atakwenda Kariakoo, akasema kwa sauti ya kukariri, "Demain, j'irai à Kariakoo." Mama Bea akasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Adela yangu, unaenda Kariakoo ao unaenda mbinguni? Unaongea sawa padri kwenye misa."

"Si ndivyo walivyotufundisha? Kesho, wakati ujao. J'irai, tu iras."

"Ni ya kitabu, iko muzuri. Lakini batu habasemake vile nyumbani. Kesho unaenda Kariakoo, pesa iko kwa mfuko, mambo yamekwisha. Sema tu, 'Demain je vais à Kariakoo.' Kama ni leo."

Basi jioni zile zikawa darasa, na mimi nikiwa mwanafunzi ambaye hakuandikishwa. Kwa miaka mingi nimevisoma vitabu vya Kifaransa, na nimekaa na watu wa Paris na wa Kinshasa, lakini maelezo ya wakati ujao niliyonayo kichwani ni yale ya Mama Bea, akiwa na pini mdomoni. Alisema mtu mwenye safari iliyokwisha kupangwa hasumbuki na wakati ujao. Anaichukua kesho anaisema kama leo. Je pars demain, naondoka kesho, tiketi iko mfukoni. Mtu ambaye moyo umeshainuka na ameanza kufunga mzigo, huyo anasema je vais partir, naenda kuondoka. Na ile ya kitabu, je partirai, nitaondoka? Mama Bea alitoa pini mdomoni ili aieleze vizuri. Ile, alisema, ni ya mambo yaliyo mbali: kiapo, vitisho, maombi, utabiri wa mvua, mapenzi ya barua. Mtu akimwambia hivyo kwa maneno matupu, yeye hamtandikii kitanda. Kisha kuna ile ambayo Wafaransa na Wakongo wanamalizia kila kitu, on verra, tutaona, na ukiambiwa hiyo ujue jibu ni hapana.

Mwenyewe alizitumia zote tatu kwa wateja, na hapo ndipo nilipojua kuwa fundi cherehani ni fundi cherehani popote duniani. Mteja akipiga simu kuuliza gauni lake, Mama Bea alijibu kwa sauti tamu, "Je vais finir ce soir, chérie," namalizia jioni hii, mpenzi, na mimi kule chini nilikuwa nimelalia kitambaa cha huyo chérie, hakijapitiwa na mkasi.

Ninapofikiri sasa, naona hata sisi tuko hivyohivyo. Mtu anayeondoka kweli anasema, "Kesho nasafiri." Anayesema, "Nitakuja kukuona siku moja," usimpikie. Lakini wakati ule nilichonasa mimi ni kitu kimoja. Nilimuuliza Mama Bea hiyo "vais" inayorudi kila mara ni nini, akaniambia ni "naenda". Na mama mdogo, kwa kuwa alikuwa anajizoeza, alikuwa anaisema kutwa. Anafua, je vais. Anachambua mchele, je vais. Kila jambo lake lililokuwa mbele lilianza na kwenda, na mimi chini ya meza roho ilikuwa juu.

Pengine ningezoea. Lakini ikaja barua. Kampuni moja ya watalii ilimwita mama mdogo kwenye usaili, Jumatatu asubuhi, mjini. Walitaka mtu wa kupokea wageni wanaoongea Kifaransa. Nyumba nzima ilifurahi. Nilikuwa nimelala mchana wa Ijumaa, au wao walidhani nimelala, nikamsikia Baba akimwambia mama mwenye nyumba: "Akipata, wanampeleka Arusha. Na huyu mtoto siku ikifika tutamtoroka tu, hakuna namna."

Sikulia. Niliamka, nikaomba uji, nikanywa wote. Mtoto aliyeshatorokwa mara moja hapotezi muda kulia, anatafuta njia.

Njia yenyewe mnaijua, maana mmeshawahi kuwafanyia wageni mliowapenda: ficha kiatu. Mama mdogo alikuwa na jozi moja ya viatu vya heshima, vyeusi, vya kisigino kifupi. Jumamosi alivipaka dawa, akavianika kizingitini vishike mng'ao. Alipoingia ndani nikachukua kimoja. Kwenye mkaa kingechafuka, na sikutaka kichafuke, maana nilikipenda. Chini ya kitanda wangetazama kwanza. Ndani ya stoo, kwenye benchi, lilikuwapo sufuria letu kubwa la shughuli, alilonunuliwa mama siku za harusi yake, lenye mfuniko kama gurudumu. Lile sufuria halikushuka ila kwa jambo kubwa. Kwa hesabu yangu, jambo kubwa lilikuwa limekwisha kutupata na halingerudi. Nikakilaza kiatu ndani, nikarudisha mfuniko kwa mikono miwili, nikatoka kucheza.

Mtu akiwa na miaka sita hajui kuwa sufuria la shughuli si la mwenye nalo. Ni la mtaa. Jumapili, tukiwa tumetoka kanisani na mimi nimekwenda kuruka kamba, Mzee Kondo wa nyumba ya tatu akafariki. Kabla ya magharibi akina mama wawili walikuja kuomba sufuria kwa ajili ya msiba, na aliyewapa ni mama mdogo mwenyewe. Aliwaambia, "Chukueni, tena na mfuniko wake," akawasaidia kuufunga mfuniko kwa kanga ili usidondoke njiani. Wakaliinua, wakaondoka nalo, na kiatu chake ndani.

Jumatatu asubuhi alfajiri ilipopasuka alikuwa ameshaoga na amevaa sketi aliyoshonewa na Mama Bea. Akatafuta kiatu. Akainama chini ya kitanda, akatikisa magunia, akatoka uani na kiatu kimoja mkononi akiuliza kila mtu. Baba akatafuta huku akitazama saa. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini, magoti yamekutana na kidevu, palepale nilipozisubiri ndizi. Mama mdogo akapita mara moja, akapita mara ya pili, ya tatu akasimama.

"Koku, umekaa hapo unamsubiri nani?"

Nikamwambia ukweli. "Nakusubiri wewe unitoroke."

Nilimwona akitazama juu kama mtu aliyeingiwa na kitu jichoni. Kisha akaketi kando yangu, chini, na ile sketi yake mpya.

"Nani kakwambia mie nakutoroka?"

"Baba. Alimwambia mama mwenye nyumba."

"Sikiliza. Mie leo naenda mjini, kuna watu wananiuliza maswali. Narudi leoleo, kabla ya chakula cha jioni. Nikipata kazi, mwezi ujao naondoka, naenda Arusha, na siku hiyo nakuambia mwenyewe, uso kwa uso. Nisipopata, sie tupo hapa hapa. Umenisikia? Mie sikutoroki."

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia kesho yake kwa mpangilio ule, jambo kwa jambo, hata lile baya. Nilijisikia mkubwa, na hapohapo nikajisikia mbaya.

"Kiko kwenye sufuria," nikasema.

"Sufuria gani?"

"La shughuli."

Mama mdogo akaweka mkono mdomoni. Mama Bea, aliyekuwa anasukuma meza yake kutoka chumbani, akapiga kelele moja, "Mungu wangu, kiatu kiko kilio!" na kicheko kikamponyoka, akakikamata, kikamponyoka tena. Baba hakucheka. Alisema iko siku nitamjua, lakini alikuwa amechelewa kazini, na siku hiyo haikufika.

Mama Bea akaleta viatu vyake, vyekundu, vikubwa kwa mama mdogo namba mbili nzima. Wakavijaza vipande vya vitenge mbele, vipande vyangu vya chini ya meza. Mama mdogo akatembea uani mara mbili, akajishika ukutani, akaondoka hivyo. Alipofika kwenye kona aligeuka akanipungia. Sikuwahi kuona mtu anayeondoka akigeuka.

Kisha Mama Bea akanishika mkono, tukaenda msibani kukidai kiatu. Nilidhani tutakikuta kimekaa pembeni kinatusubiri. Kumbe kilikuwa kimeshaleta balaa. Akina mama walilifungua sufuria alfajiri ili walioshe, wakakuta kiatu kimoja, cha mwanamke, kinang'aa, ndani ya sufuria lililotoka nyumba nyingine kuja nyumba yenye maiti. Mmoja akasema huo ni mkono wa mtu. Mwingine akasema hao wa bara hawa, nani anajua. Sufuria likawekwa kando ya ukuta na kiatu juu ya mfuniko, na amri ikatoka lisitiwe kitu. Watu mia wanapikiwa kwenye visufuria vidogovidogo, moshi umejaa, wapishi wamekasirika. Tulipoingia walitutazama kama tumekuja kuangalia kazi yetu.

Mama Bea akaanza kueleza, lakini Kiswahili chake cha Bukavu siku hiyo kilimgomea, na kadiri alivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukunjamana. Akaniinamia. "Sema weye, mwana."

Nikasema. "Shikamooni. Ni mimi. Nilikificha ili mama mdogo asiende Arusha. Sikujua kama mtu atakufa."

Wapishi walitazamana. Kutoka ndani, kwenye chumba alichokaa Bi Mwajuma, mke wa Mzee Kondo, kukawa na minong'ono. Mtu alikuwa anampelekea habari. Halafu tukasikia sauti yake mwenyewe, imekauka kwa kulia, ikitoka dirishani: "Mwacheni mtoto. Ningejua, na mie ningevificha vya Mzee Kondo."

Mama mmoja akachukua kiatu, akakipangusa kwa pindo la kanga, akampa Mama Bea kwa mikono miwili. Wengine wawili wakalivuta sufuria, wakaliosha kwa maji ya moto na mchanga, mara ya pili, wakalitia mafigani. Tulipofika barabarani Mama Bea alikuwa analia, na mimi nilidhani ni moshi.

Mama mdogo alirudi kabla ya chakula cha jioni, kama alivyosema. Viatu vyekundu alikuwa amevibeba mkononi, miguuni amevaa kandambili alizonunua njiani, na kicheko chake kilifika kabla yake. Alituambia, mimi na Baba na Mama Bea, barazani.

Wenzake waliotangulia alikuwa amewasikia kupitia mlangoni, wote wanaongea kile Kifaransa cha padri. Yeye pia alikuwa amekariri cha kwake, chenye je ferai na je dirai, nitafanya na nitasema, za kutosha, maana hofu ilimrudisha kwenye kitabu na masomo yote ya barazani yakamtoka. Basi akaingia, na katika kuvuka kile chumba kirefu kiatu kimoja kikamtoka mguuni, na kipande cha kitenge cha njano kikachomoza mbele ya watu watatu. Mama mmoja wa Kifaransa, mwenye nywele za mvi, akamuuliza kwa upole kama kuna tatizo. Mama mdogo alisema maneno yote aliyokariri yalimpotea, ikabaki kweli tupu: "Ma chaussure est partie à un enterrement, madame." Kiatu changu kimekwenda msibani.

Walicheka, wakataka wasikie. Akawasimulia: mtoto wa dada yake, sufuria, jirani. Wakamuuliza, sasa utafanyaje? Akajibu bila kufikiri, kama anavyomjibu Mama Bea: naenda kurudi nyumbani, naenda kula, na kesho naenda kumpa pole mjane. Hawakumwuliza tena kitu cha kitabu. Waliongea tu, kama watu.

"Wamenichukua," alisema. Halafu akanitazama mimi. "Nimewaambia mwezi ujao."

Ndiyo hivyo. Nilificha kiatu ili asiondoke, na kiatu ndicho kilichomwondoa. Kwa muda mrefu nilihesabu hilo kuwa kosa langu kubwa kuliko yote, na kuna miaka niliyopita kwenye soko lile la ndizi, lililonichukulia mama kwanza, nikiwa nimegeuza uso upande wa pili.

Siku yake ilipofika Baba hakuamini maneno ya uso kwa uso. Alinituma chumvi. Nilichukua sarafu, nikaenda, nikasimama mbele ya duka bila kununua, kwa sababu nilijua jikoni chumvi ipo. Nikahesabu mifuko ya sabuni iliyoning'inia. Nikamsikia mtu anakimbia, na kandambili zinapiga mchanga. Alikuwa mama mdogo, begi begani, anahema.

"Koku, naondoka sasa. Siendi sokoni, siendi dukani. Naenda Arusha. Krismasi wakinipa ruhusa nakuja. Wasiponipa, nakuja Pasaka."

Nisiwadanganye kuwa kuambiwa ukweli kulinipunguzia maumivu. Niliumia zaidi. Nilijitupa chini mbele ya duka la watu nikalia mpaka mwenye duka akatoka na maji. Lakini siku ile sikukaa kizingitini. Niliumia nikamaliza, nikarudi nyumbani na chumvi. Krismasi hakuja. Pasaka akaja.

Mama alirudi kutoka Dodoma mwaka uliofuata na cheti chake. Alinikuta uani, nikasimama, nikamwambia, "Shikamoo." Kama mgeni. Nakumbuka alivyoitikia, marahaba yenyewe ilikwama katikati. Baadaye tulizoeana tena, alinisomesha, alinipigania, amenilelea mtoto. Lakini habari ya ndizi hatukuigusa. Mimi sikuuliza, na yeye hakuuliza kwa nini sili tena kisukari.

Basi Jumamosi ile, viatu vilipong'aa, nilimwita Alinda barazani nikamketisha. Nikamwambia Jumatatu naondoka, naenda Lubumbashi, ni mbali, napanda ndege. Nalala huko mara nyingi sana, zaidi ya anavyoweza kuhesabu. Kila jioni napiga simu. Mvua za vuli zikianza, narudi. Akauliza swali moja tu, "Bibi anabaki?" Nikamwambia Bibi anabaki. Akalia, nikamwacha alie mapajani kwangu mpaka akachoka, akashuka, akaenda kuvitazama viatu vyangu. Nikajua lazima niviwekee mlinzi mpaka Jumatatu.

Nilipoingia jikoni mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi za kupika, utomvu umemjaa vidoleni. Nilijua amesikia yote. Nikasubiri aniambie nimemtesa mtoto bure.

"Nilizinunua," akasema.

"Nini, mama?"

"Ndizi zako. Siku ile." Hakuinua macho. "Nilifika sokoni kweli, nikanunua kichane kizima. Nilikuwa nataka nikuletee, halafu ndiyo niende stendi. Nikafika pale kwenye kona ya duka, nikakuona umekaa kizingitini. Nikajua nikija kukupa, sitaondoka tena."

Kisu kiliendelea kumenya.

"Nilizipakata mpaka Dodoma. Sikuweza kuzila, sikuweza kumpa mtu. Ziliozea chumbani kwangu bwenini." Akachukua ndizi nyingine. "Zilikuwa kisukari. Ulikuwa unazipenda sana."

Nikavuta kigoda kingine, nikachukua kisu, nikakaa karibu yake mpaka magoti yetu yakagusana. Nikachukua ndizi ya kwanza.

"Bado nazipenda, mama," nikamwambia.